Kwa Nini Tulirudia Mtihani: Maelezo ya Wanufaika Watatu wa Mfuko wa Elimu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni waalikwa kwenye harambee ya mwaka, jijini Mwanza

 

Tumepewa dakika kumi na tano. Katibu alituelekeza tutoe shukrani kisha tukae. Shukrani tunazo na tutazitoa, ila kuna jambo tunadaiwa na ukumbi huu, na si vizuri likapita kimya wakati watu wanajaza bahasha. Mwaka juzi Mfuko wa Elimu wa chama chetu ulitulipia sisi watatu ada ya mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili nje ya nchi. Matokeo yalikuwa mabaya upande mmoja. Mwaka jana mfuko ukatulipia tena, mtihani uleule. Yaliyosemwa tunayajua. Ukerewe ni kisiwa, na meli ya Nansio inachukua zaidi ya saa tatu kutoka Mwanza. Muda huo unatosha kumjadili mtu na ukoo wake wote. Wapo waliosema tumekula hela ya chama. Leo tumekuja kusema hela ilikwenda wapi, ilileta nini, na wapi haikuleta kitu.

Kwa wasiotufahamu, mmoja wetu amesomea mambo ya uvuvi, wa pili ni mwalimu wa hisabati, na wa tatu ni dada yetu muuguzi. Wote tulisoma shule za msingi kisiwani kwa Kiswahili, nyumbani tukiongea Kikerewe, na Kiingereza tukaanza kufundishiwa siku tuliyoingia kidato cha kwanza. Hilo wengi wenu mnalijua kwa sababu ndiyo njia mliyopita ninyi wenyewe.

Mtihani wenyewe unaitwa GRE. Unatungwa na shirika la ETS la Marekani na unafanyika kwenye kompyuta. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, sasa unakwisha kabla ya saa mbili kamili. Una insha moja ya dakika 30, una sehemu ya hesabu yenye maswali 27, na sehemu ya lugha yenye maswali 27 vilevile. Hesabu na lugha kila moja inapewa alama kuanzia 130 mpaka 170. Yaani hata ukikosa maswali yote uliyojibu, unatoka na 130, kwa hiyo mtu akikuambia amepata 140 usimpigie vigelegele kabla hujauliza. Wastani wa watahiniwa wa dunia nzima kwenye lugha huwa karibu na 150.

Mara ya kwanza, kwenye hesabu tulipata 161, 163 na 155. Kwenye lugha tulipata 143, 141 na 146.

Mwalimu wetu wa hisabati ndiye aliyepata 163 na 141. Alitoka kwenye chumba cha mtihani Dar es Salaam akakaa kwenye ukingo wa mtaro, hakusema kitu mpaka tuliponunua maji. Alama za hesabu na lugha unaziona palepale kwenye kioo ukimaliza, kwa hiyo hakuna muda wa kujiandaa. Mtu aliyefundisha watoto mia kadhaa, aliyezoea kuwaandikia wengine alama kwa kalamu nyekundu, anaangalia namba ile na hana wa kumlalamikia.

Sasa tukiri kosa letu. Tuliporudi Mwanza hatukutoa taarifa. Tulikaa miezi miwili. Mweka hazina alipiga simu, tukamwambia matokeo rasmi bado, na hayo yalikuwa yameshatoka siku nyingi, maana huchukua wiki moja na kidogo tu. Hatukula hata shilingi, lakini tulimdanganya mtu aliyetusainia, na tunamwomba radhi hapa mbele ya watu kama tulivyomwomba ofisini kwake. Kilichotutoa mafichoni ni mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alikutana na dada yetu sokoni akamuuliza, "Mwanangu, ule mtihani tuliowachangia mlifika nao wapi?" Mama yule alikuwa ameweka shilingi elfu kumi kwenye harambee. Dada yetu alimjibu kwamba tumefeli. Mama akasema, "Sasa si mngesema, tukajua cha kufanya?" Akampimia dagaa, akaongeza na nyongeza, akaendelea na wateja wake. Wiki iliyofuata tukaandika barua kwa kamati.

Kikao cha kamati kuhusu barua hiyo kilikuwa kigumu na tunaomba kisifichwe. Ada ya mtihani kwa mtu mmoja ilikuwa dola 220 za Marekani, ambayo kwa shilingi ni zaidi ya laki tano. Zidisha kwa watu watatu, ongeza nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, njia ya zaidi ya kilomita elfu moja kila upande. Mzee mmoja aliuliza fedha hiyo ni madawati mangapi. Swali lilikuwa la haki, na hakuna aliyekuwa na jibu la kumnyamazisha. Mwingine akasema mtoto aliyeanguka kidato cha nne kisiwani akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea hulipa mwenyewe kwa kuuza machungwa, kwa nini hawa wenye shahada walipiwe? Na hilo pia lilikuwa la haki. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje, dirisha wazi, tukisikia kila neno.

Aliyegeuza kikao ni mzee wetu mwalimu mstaafu. Hakututetea. Aliuliza tu kama kuna mtu anayekumbuka habari za marehemu Aniceti Kitereza. Wote walikumbuka, kwetu nani asiyemjua? Kitereza alimaliza kuandika kitabu chake cha Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakikupata mchapaji kwa lugha ile. Basi mzee yule akakaa chini akakiandika chote upya kwa Kiswahili, kwa mkono wake, kurasa kwa mamia. Kilichapishwa mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981. Mwalimu mstaafu akasema, tusiwaulize hawa kama wanastahili kurudia, tuwaulize watafanya nini tofauti na mara ya kwanza. Wakija na jibu lilelile la kwanza, tuwanyime.

Tukaitwa ndani. Na ukweli ni kwamba siku ile hatukuwa na jibu. Tuliomba wiki tatu.

Ili mwelewe tulichokuja kukigundua, inabidi tuwape swali moja la mtihani. Msiogope, tumelitunga kwa Kiswahili. Sikilizeni: "Ingawa mzee yule alisifika kijijini kwa nafasi-iliyo-wazi, siku ya msiba wa jirani hakutoa hata debe moja la muhogo." Maneno ya kuchagua ni sita: ujasiri, uchoyo, ukarimu, uchapakazi, utoaji, upole. Unatakiwa uchague mawili yatakayoifanya sentensi iwe na maana ileile. Ukipata moja ukakosa la pili, huna kitu.

Tumesikia huko kulia mtu amesema uchoyo. Huyo ndiye sisi mwaka juzi. Mtu mwenye haraka anaona "hakutoa hata debe moja", mkono unakimbilia uchoyo. Lakini sentensi imeanza na "ingawa". Neno hilo limegeuza kila kitu: mzee alisifika kwa kitu kilicho kinyume na alichokifanya. Jibu ni ukarimu na utoaji. Na mama aliyejibu hapo mbele bila hata kufikiri, ahsante sana mama, mtihani wa Wamarekani umeupita.

Mnaona? Akili ya swali lile haitoki Marekani. Kila mtu aliyekaa barazani kusikiliza shauri la mpaka wa shamba anaijua: nani amesema nini, "ingawa" ipo wapi, "lakini" inakuja lini, mtu anasifu ili akosoe au anakosoa ili asifu. Hapa ukumbini mmejibu kwa sekunde tano. Kwa Kiingereza sisi tulihitaji dakika tatu kulisoma swali la namna hiyo, na dakika tatu hazipo. Maswali 27 ya lugha yamegawanywa mara mbili: 12 kwa dakika 18, halafu 15 kwa dakika 23. Piga hesabu mwenyewe.

Mara ya kwanza tulidhani tatizo letu ni maneno magumu. Tulikusanya orodha za msamiati, tukakata makasha ya sabuni, upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili maana yake. Mwalimu alikuwa nayo zaidi ya elfu moja, kayafunga kwa mpira wa kubana noti. Tulihojiana kwenye daladala, tukahojiana kivukoni Kisorya. Na kwenye mtihani maneno yale tuliyoyakariri yalikuja machache. Yaliyotuangusha ni maneno tuliyodhani tunayajua. Neno "qualify", kwa mfano. Nani hajui? Timu ime-qualify, yaani imefuzu. Kumbe mwandishi wa kitaaluma akisema anai-qualify hoja yake, anamaanisha anaipunguza makali, anaiwekea mipaka. Dada yetu alikosa swali zima kwa neno hilo, na mpaka leo ukilitaja wakati wa mpira anatoka nje. Ni kama Mzungu aliyejifunza kwamba "paa" ni mnyama, halafu akaambiwa paa la nyumba linavuja.

Katika zile wiki tatu tulifanya jambo ambalo tungelifanya mwanzo. Waandaaji wa mtihani wanatoa mitihani miwili ya majaribio ya bure kwenye intaneti, inayofanana na mtihani halisi. Mara ya kwanza hatukuigusa. Tulidhani cha bure hakina maana. Sasa tukafanya mmoja, kwa saa, kwenye kompyuta ya ofisini, Jumamosi. Tukakaa na makosa yetu swali kwa swali, siku mbili nzima. Makosa ya neno tusilolijua yalikuwa machache. Mengi yalitokana na kusoma taratibu, kufika mwisho wa aya tumeshasahau mwanzo wake, na kuacha maswali wazi. Kwenye hilo la mwisho tulijilaumu sana: mtihani ule haukati alama kwa jibu la kosa, na sisi tuliacha maswali manne, mengine matano, bila kujaza kitu, tukiogopa kukatwa.

Tulirudi kwa kamati na karatasi moja. Tukasema: hatuombi fedha leo. Tutasoma Kiingereza kila siku kwa miezi minne, tutaandika kwenye daftari tulichosoma, na daftari litakaguliwa na mwalimu mstaafu. Baada ya hapo tutafanya mtihani wa pili wa majaribio mbele yake. Asiyepanda hataombewa ada. Kamati ikakubali, kwa kura ya kupishana mmoja.

Tulisoma nini? Chochote kirefu. Magazeti ya Kiingereza ya Daily News na The Citizen, mara nyingi ya wiki iliyopita, tukiyapata kwa mtu wa ofisi moja aliyekuwa akiyatupa. The EastAfrican tulipolipata. Kwenye Maktaba ya Mkoa hapa Mwanza tulikaa Jumamosi. Lakini kilichotubadilisha zaidi kilitoka kwa mwenzetu wa uvuvi, na tunaomba mtuvumilie hapa kidogo kwa sababu kinahusu ziwa letu.

Wazee mnawakumbuka furu. Mnakumbuka walivyokuwa wengi, na walivyoadimika baada ya sangara kujaa ziwani miaka ya 1980. Sote tulikua tukiambiwa sangara aliwala, basi. Mwenzetu alileta makala ya watafiti, mmoja wao akiwa Ole Seehausen, iliyochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Science, na sehemu ya utafiti ilifanyika hapahapa kwenye maji ya Ghuba ya Mwanza. Wao walisema kuna sababu nyingine. Furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakichafuka na mwanga ukapungua, rangi hazionekani vizuri, majike wanakosa cha kuchagulia, na aina zinachanganyika mpaka tofauti zinapotea. Hawakusema sangara hana hatia. Walisema habari ya sangara peke yake haitoshi.

Makala ile ina kurasa chache tu. Tuliisoma wiki nzima, usiku, kwa sauti, aya kwa aya. Kila aya mmoja anaeleza kwa Kikerewe au Kiswahili: mwandishi anasema nini hapa? Anamjibu nani? Anakubali kipi, anakataa kipi? Mwanzoni tuligombana. Dada yetu aliona wanamtetea sangara. Mwalimu aliona wanampinga kila mtu aliyeandika kabla yao. Tukarudi kwenye maneno: hapa kasema "huenda", hapa kasema "kwa kiasi fulani". Na kumbe vifungu vya ufahamu vya GRE ndivyo vilivyo, ni wasomi wanaopishana, huyu kasema hivi, yule kaongeza vile, na wewe unaulizwa mwandishi amesimama wapi. Baada ya makala ya furu tulitafuta nyingine, za malaria, za mvua, za historia ya reli. Makasha ya sabuni tuliwapa watoto wa jirani.

Mwezi wa tatu, tulianza kuona tofauti ndogo. Hatukuwa tukirudia mstari mara nne tena. Mtihani wa pili wa majaribio tuliufanya mbele ya mwalimu mstaafu aliyekaa na saa yake ya mkononi na chupa ya chai, haongei. Wote watatu tulipanda. Ada ikalipwa.

Kuna walioshauri tuufanyie nyumbani, maana siku hizi inaruhusiwa, ili tuokoe nauli. Tulilifikiria kwa dhati. Unatakiwa uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, kamera inakuangalia, na asiingie mtu mpaka umalize. Mmoja wetu anaishi Igoma kwenye nyumba ya wapangaji sita wenye ua mmoja, ambapo mtoto wa jirani hajawahi kugonga mlango maishani mwake. Halafu kuna umeme. Tukaona nauli ni nafuu. Tukapanda basi mpaka Dodoma, pale tukachukua treni ya SGR tukaingia Dar es Salaam jioni, tukalala kwa ndugu Mbagala, watatu chumba kimoja, na chandarua kimoja chenye tundu.

Siku ya mtihani tutaieleza kwa kifupi. Wanakagua kitambulisho, na jina lako lazima lifanane na lile ulilojiandikishia. Saa ya mkononi unaiacha nje. Unaanza na insha. Tulikuwa tumekubaliana mambo matatu: kifungu kirefu kikikuchanganya kiruke urudi baadaye, usiache swali wazi, na sehemu ya kwanza ya lugha uifanye kwa utulivu kuliko zote, kwa sababu jinsi unavyoifanya ndiyo inayoamua ugumu wa sehemu ya pili utakayoletewa.

Matokeo ya lugha, mara ya pili: wa uvuvi alitoka 143 akafika 151. Mwalimu alitoka 141 akafika 148. Dada yetu alitoka 146 akapata 145.

Tumeulizwa kama ni lazima kuitaja hiyo ya mwisho kwenye sherehe. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema itajwe. Alisoma kama sisi, daftari lake lilikuwa nono kuliko yote, na lilijazwa baada ya zamu za usiku hospitalini. Tunaweza kusema pointi moja si kitu, na ni kweli, pointi moja au mbili kwenye mtihani ule haziwezi kuhesabiwa kuwa mtu amepanda au ameshuka. Tunaweza kusema usiku ule wa Mbagala hakulala kwa mbu. Lakini hela ya wanachama ilitumika na alama haikupanda, na chama kinachotoa fedha ya kurudia mtihani kijue mapema kwamba itakuwa hivyo kwa baadhi ya watu, hata waliojituma.

Na kuna la kuuma zaidi. Baada ya yote, dada yetu alikaa kusoma upya masharti ya vyuo alivyotaka kuomba. Viwili kati ya vinne havikuhitaji GRE kabisa kwa kozi yake. Vyuo vingi vya Marekani viliacha kuidai, hasa tangu kipindi cha korona, na sisi tuliendelea na habari za zamani tulizosikia kwa watu waliosoma huko miaka ya nyuma. Hakuna aliyetudanganya. Hatukusoma ukurasa.

Kwa hiyo ninyi wadogo zetu wa nyuma, mkifika huko, anzeni na ukurasa wa masharti wa kozi yenyewe, halafu waandikieni barua pepe muulize. Ushauri wa bure kuhusu vyuo vya Marekani unapatikana kwa washauri wa EducationUSA walio Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Mkilazimika kufanya mtihani, fanyeni jaribio la bure kabla hamjalipa hata senti. Mkianguka, mnaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, na si zaidi ya mara tano ndani ya miezi kumi na miwili, lakini siku 21 hazibadilishi msomaji. Sisi zilitubadilisha siku mia moja na ushee, tena kidogo. Mnaweza kuchagua matokeo ya siku ipi yatumwe chuoni, kwa hiyo mtihani wa kwanza mbaya haukufuati kila mahali. Alama zinadumu miaka mitano. Na mkianguka, semeni siku hiyohiyo.

Hali ilivyo leo: mwenzetu wa uvuvi amepata nafasi na anasubiri jibu la ufadhili, bila huo hawezi kwenda. Mwalimu ameomba vyuo vitatu, kimoja kimemkataa, viwili havijajibu. Dada yetu anaendelea na kazi na ameomba kwenye vile visivyodai mtihani. Hakuna aliyepanda ndege. Tusingependa mtu atoke hapa akisema chama kimepeleka watoto watatu Marekani.

Sasa ombi, na tumeliwasilisha kwa kamati kwa maandishi. Tunaomba mfuko usilipe tena ada ya mtihani wa aina hii kwa mtu ambaye hajafanya jaribio la bure na kuonyesha barua ya chuo kinachoudai. Tunaomba kurudia kuruhusiwe mara moja tu, kwa utaratibu ule wa daftari. Sisi watatu tungeukosa msaada wa kwanza kama kanuni hii ingekuwepo, na ingekuwa sawa.

Ombi la pili ndilo lenye gharama, na ndilo lililotuleta mbele yenu leo. Mzee aliyeuliza kuhusu madawati alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Alama zile za 141 na 143 hatukuzipata Dar es Salaam. Tulizipata kidato cha kwanza, tulipokaa watoto wanne kwenye kitabu kimoja cha Kiingereza na mwalimu akitufasiria kwa Kiswahili ili somo liende. Tulimaliza miaka sita ya sekondari bila kusoma kitabu kizima cha Kiingereza kwa hiari. Mtu wa umri wetu anaweza kurekebisha hilo kwa miezi minne na akapata pointi saba. Mtoto wa miaka kumi na nne angehitaji rafu ya vitabu, taa, na mtu mzima wa kukaa naye.

Shule moja ya sekondari kisiwani imekubali kutupa chumba kilichokuwa stoo. Paa lake linavuja pembeni, na safari hii tunasema paa la nyumba. Linahitaji mabati, rafu, meza nne, sola ya taa, vitabu vya hadithi vya Kiingereza na vya Kiswahili, na mtu wa kuleta magazeti kwa meli kila wiki, hata yakiwa ya juzi. Fundi ametoa makadirio, yapo mezani, yeyote anaweza kuyasoma na kuyapinga. Dada yetu ameshaanza na daftari lake: ameliweka pale kama kitabu cha kwanza cha kuandikisha wasomaji, kurasa za mbele zikiwa na makala za furu na malaria, za nyuma zikiwa wazi.

Sisi watatu tumeahidi kurudisha nusu ya ada ya mara ya pili, kidogokidogo, kila mwisho wa mwezi, iingie kwenye chumba hicho. Malipo ya kwanza tumeyatoa leo asubuhi na risiti tunayo. Mama wa Mwaloni hajaweza kuja kwa sababu dagaa wameingia kwa wingi jana usiku, lakini ametuma bahasha, na ametuagiza tuulize kama watoto wa shule wataruhusiwa kusomea humo hata Jumapili. Tumemwambia tutamjibu baada ya kikao.

Kadi za ahadi anazo mweka hazina, amekaa pale karibu na mlango mwenye shati la kitenge.